Nano kwenye karatasi, mtindi kwenye kichupa



Najua nimepotea. Wiki tatu nilikuwa kwenye msuli wa UE, na kabla ya hapo nilikuwa nahangaika na utafiti wangu wa mwaka wa nne, ambao ndio umenifanya leo nikae niandike. Boom halijatoka, kwa hiyo hata nikitaka kushuka mjini sina nauli ya kurudia. Asubuhi hii mlima umefunguka, Kibo inaonekana mpaka mikunjo yake, na mimi nimekaa kwenye ngazi za hosteli nimeshika kichupa. Kina maji ya rangi ya chungwa, na chini yake kuna tope. Mwezi uliopita hilo tope halikuwepo.

Ugomvi wangu wa leo ni kuhusu tope hilo, na kuhusu ushauri niliopewa kwamba nisilitaje kwenye ripoti.

Wa famasia mtanielewa haraka. Wa udaktari na uuguzi naomba msikimbie, yanawahusu zaidi kuliko mnavyodhani. Na ninyi wa ushirika na biashara, vumilieni, kuna mfano wa kahawa unakuja.

Nianze na chanzo. Baba mdogo wangu wa Sanya Juu aliugua kifua kikuu mwaka 2019. Kwa watu wa Siha ukitaja TB umetaja Kibong'oto, hospitali iliyopo pale kwenye miteremko tangu 1926, na ambayo mwaka 2009 ndiyo ilianza kutibu kifua kikuu sugu hapa nchini. Yeye hakuwa na ile sugu. Alikuwa na ya kawaida, dozi ya miezi 6: miezi 2 ya dawa nne kwa pamoja, halafu miezi 4 ya dawa mbili, rifampicin na isoniazid. Kila siku ya Mungu. Aliniambia mwezi mgumu si wa kwanza. Wa kwanza unaumwa, unameza bila kusukumwa. Mgumu ni wa tatu: umeshanenepa, umerudi kihambani unakata majani ya ng'ombe, majirani wameacha kuja kukuangalia, na mkojo bado unatoka rangi ya karoti kukukumbusha kwamba wewe bado ni mgonjwa. Alimaliza dozi, yupo, ana ng'ombe wawili. Lakini aliniambia wazi kwamba mara mbili alikaribia kuacha.

Hapo ndipo nano inapoingia. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Badala ya dawa kuingia mwilini ikiwa uchi, unaifunga ndani ya kibonge kidogo mno cha mafuta, au cha polima inayovunjika mwilini yenyewe, kikaiachia dawa taratibu. Ukifanikiwa, dozi ya kila siku inaweza ikawa ya kila wiki. Mtanzania mwenzetu, Profesa Hulda Swai, aliongoza kazi ya namna hiyo kule CSIR Pretoria, Afrika Kusini, wakizifunga dawa za kifua kikuu ndani ya chembe za polima iitwayo PLGA. Baadaye akarudi nyumbani, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Swai! Ukiliita jina hilo sokoni Machame watageuka watu kumi. Nilikuwa mwaka wa pili niliposoma habari za kazi ile, nikajisemea kumbe haya mambo hata sisi tunayaweza.

Basi nikachagua project: rifampicin ndani ya chembe nano za mafuta. Na kwa wasiojua nanomita ni nini, punje ya kahawa ya daraja la AA ina upana wa milimita 7 hivi. Chembe za nanomita 100 ukizipanga mstari mmoja kuvuka punje hiyo moja, utahitaji 70,000. Ndiyo vitu ninavyovizungumzia.

Mashine ya kupimia hatukuwa nayo, tukaombewa nafasi kwenye maabara moja Arusha. Nikaenda, nikatengeneza, nikapima. Mashine ikasema: wastani nanomita 142, PDI 0.14, chaji ya uso milivolti −21. Nilipiga picha skrini nikawatumia watu wote hadi mama, ambaye alijibu "hongera mwanangu, ni ugonjwa gani?"

Halafu nikapanda Coaster kurudi Moshi.

Hapa nataka niende polepole. Kichupa kilikuwa ndani ya begi, begi likawekwa mbele karibu na injini kwa sababu nyuma kulikuwa kumejaa magunia. Usa River tukasimama, njia panda ya KIA tukasimama, Boma Ng'ombe tukasimama sana. Nilipofika hosteli chupa ilikuwa ya vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Nikaiweka kwenye friji. Siku ya nne umeme ukakatika kutwa nzima. Mimi kwa akili zangu nikaihamishia kwenye friza ya dukani kwa mama mmoja anayeuza maji ya baridi, ana jenereta. Ikaganda barafu. Nikaitoa, nikaiacha iyeyuke. Siku ya tisa nikairudisha Arusha kwenye mashine ile ile: nanomita 890, PDI 0.61.

Yaani kile kitu nilichokuwa nimemtangazia mama kilikuwa kimeshakuwa mtindi.

Kosa ni langu, silikatai. Ila nilipompelekea mwalimu mmoja matokeo yote mawili, akayaangalia, akaniambia: "Andika 142. Hiyo ya pili ni ya usafiri, si ya dawa." Alisema kwa nia njema, hataki nikwame. Nami nimelala na sentensi hiyo siku nyingi sasa, na kadiri ninavyoizungusha ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba siyo sahihi, na kwamba ndilo gonjwa letu vyuoni. Tunapima siku ya kuzaliwa, tunaandika cheti, basi. Lakini ni mgonjwa gani atakayekunywa dawa yangu pale mezani Arusha dakika kumi baada ya kuitengeneza? Wa Sanya Juu ataipata baada ya bandari au uwanja wa ndege, bohari, lori, pikipiki, na friji ya zahanati ambayo umeme wake mnaujua. Kwa chembe nano, safari hiyo ni sehemu ya dawa.

Rumeti wangu wa MD ananicheka. Anasema sisi tunakosa glovu unaniletea nano. Hoja yake naiheshimu, ila nadhani anadhani nano ni habari ya kesho. Wakati ipo wodini leo. Ngoja nimwonyeshe.

Chukua amphotericin B, dawa ya fangasi wa ubongo kwa wagonjwa wa UKIMWI. Ile ya zamani inajulikana kwa kuumiza figo. Ipo nyingine iliyofungwa ndani ya liposomu, vibonge vya mafuta vya chini ya nanomita 100. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa AMBITION, uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Dozi kubwa moja tu ya hiyo ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa, pamoja na vidonge vya wiki 2, iliwekwa sambamba na matibabu yaliyokuwa yakipendekezwa wakati huo. Waliofariki ndani ya wiki 10 walikuwa asilimia 24.8 kwa dozi moja, na 28.7 kwa njia ile nyingine, tena madhara yakawa machache. WHO wakabadilisha mwongozo mwaka huo huo. Utafiti wa Afrika, kwa wagonjwa wa Afrika, na dawa yenyewe ni nano.

Sasa sikiliza kinachonipa usingizi mbovu. Dawa hiyo ni poda. Unaichanganya na maji ya sindano, kisha unaiweka kwenye drip ya glukosi asilimia 5. Ukiiweka kwenye normal saline umeiharibu, na hata mrija wa drip uliokuwa na saline inabidi usafishwe kwa glukosi kwanza. Na wodini chupa iliyo karibu na mkono ni ipi? Saline. Nani anamweleza nesi wa zamu ya usiku, aliye peke yake na vitanda thelathini, kwa nini chumvi kidogo inaua dawa ya gharama vile?

Kwa nini inaua? Hapo turudi kwenye maziwa. Maziwa ya ng'ombe ni meupe kwa sababu yana mafuta na chembe za protini zinazoelea, hizi za protini nyingi ni za nanomita mia na kitu. Hazishuki chini, hazishikani. Zinasukumana, kwa sababu kila moja imevaa chaji hasi, na vyenye chaji sawa havipendani. Kamulia ndimu, au yaache yachachuke: asidi inaivua chaji ile, chembe zinakosa cha kusukumana nacho, zinakumbatiana, umepata mtindi. Bibi yangu Kibosho amefanya jaribio hili kila siku maisha yake yote. Chumvi nayo ina namna yake ya kuleta matokeo kama hayo: haiivui chaji bali inaifunika, chembe zinasogeleana mpaka zinashikana.

Ile chaji ya uso ndiyo mashine inaiita zeta. Kwenye notisi zetu tumekaririshwa kwamba ukiwa juu ya 30 au chini ya −30 uko salama, katikati hauko salama. Ni kanuni ya kienyeji tu jamani. Kuna chembe zilizovikwa manyoya ya polima, zeta yake karibu na sifuri, na zimetulia miezi, kwa sababu manyoya yenyewe yanazuia zisigusane. Na zipo za −35 zinazoganda ukizitia tu kwenye saline. Ukipima zeta kwenye maji safi halafu dawa ikaenda kuishi kwenye chumvi ya damu, umepima nini hasa?

Na usidhani basi nano zote zinaichukia saline. Chukua iron sucrose, ile ya rangi ya kahawia wanayochomwa kina mama wajawazito wenye upungufu mkubwa wa damu. Nayo ni chembe nano, chuma kilichovikwa sukari. Yenyewe inachanganywa na saline peke yake. Amphotericin ya liposomu hapana saline, iron sucrose saline tu. Wa uuguzi mnakariri haya mawili kama amri za Musa bila kuambiwa sababu, na mtu asiyejua sababu siku akichoka atachanganya. Tena Ufaransa, utafiti uliochapishwa 2011 ulifuatilia wagonjwa wa kusafishwa figo waliohamishwa kutoka iron sucrose ya asili kwenda ya kuiga. Karatasi zilisema ni dawa moja. Damu ikashuka, na chuma kikabidi kiongezwe. Kwa dawa ya kawaida ukithibitisha molekuli ni ile ile na kiasi ni kile kile, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Kwa nano haijatosha, kwa sababu umbo na ukubwa navyo ni dawa.

Nieleze kidogo mashine inavyofanya kazi, maana hapa ndipo tunapodanganywa bila mtu kutudanganya.

Mashine ya kupima kwa leza haipimi ukubwa. Inapima kucheza. Jikoni kwa bibi kuna tundu kwenye bati, na asubuhi jua linapita pale kama fimbo, unaona moshi na vumbi vinacheza ndani yake. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea wa Scotland, alitazama kwa hadubini vijichembe vilivyotoka kwenye chavua, ndani ya maji, akakuta vinacheza bila kukoma. Mwaka 1905 Einstein akatoa hesabu yake: chembe ndogo hukimbia, kubwa hujikokota, na kasi inategemea ukubwa wa chembe, joto, na uzito wa majimaji kupenyeka. Mashine inapiga leza kwenye kichupa, inatazama mwanga uliotawanyika unavyomemeteka. Ukimemeteka haraka, chembe ni ndogo. Kutoka hapo ndipo inakokotoa nanomita.

Umeona lilipo tatizo? Joto limo ndani ya hesabu. Tuseme kiyoyozi kimekufa, sampuli ina nyuzi 30, na mashine bado inaamini ni 25. Kwa nyuzi 30 maji ni mepesi zaidi, chembe zinakimbia zaidi, na chembe ya nanomita 100 itaandikwa 88. Hakuna aliyeghushi chochote. Mashine nyingi zinadhibiti joto zenyewe, kweli, ila ukitoa kichupa friji ukakipachika na kubonyeza papo hapo, bado hakijafika joto mashine inalolitaka. Nilifanya hivyo mara yangu ya kwanza. Nikapata namba nzuri sana, nikafurahi bure.

La pili ni vumbi. Moshi na vumbi la Februari mnalijua. Chembe iliyo kubwa mara 10 kuliko mwenzake hutawanya mwanga mara 1,000,000, maana ni kipeo cha sita. Kwa hiyo vumbi moja likipita mbele ya leza linapiga kelele kuliko dawa yako yote, na mashine inamsikiliza mwenye kelele. Ndiyo maana unachuja maji, unafunika, unapima mara tatu na zaidi. Anayeleta namba moja ya kipimo kimoja analeta bahati nasibu.

La tatu, sasa wa ushirika amkeni. Wazee wetu walilijua kabla ya mashine. Kwa miongo mingi mnada wa kahawa ya nchi hii ulifanyika hapa Moshi, na kabla ya mnada kahawa inapitishwa kwenye machujio: AA, A, B, PB na kuendelea chini. Mnunuzi hakuulizi wastani wa punje zako. Unaweza ukachanganya AA na vipande vilivyovunjika ukapata wastani mzuri tu, na atakufukuza, kwa sababu kwenye kikaango vidogo vitaungua wakati vikubwa bado vibichi. Kwenye chembe za dawa ni hivyo hivyo. Zilizo ndogo kabisa, chini ya nanomita 6 hivi, figo inazitoa. Zilizo kubwa mno ini na bandama vinazidaka. Ile PDI ndiyo inayokuambia kama gunia lako ni la daraja moja au ni mchanganyiko: karibu na sifuri ni daraja moja, ikipita 0.3 kwa liposomu watu wanaanza kukuangalia kwa jicho baya. Na bado kuna wenzetu wanaandika ukubwa kwenye muhtasari na PDI hawaitaji kabisa. Mkulima wa Uru angeona aibu.

Turudi kwenye friza ya yule mama, maana ndipo dawa yangu ilipofia. Maji yakiganda barafu inajitengeneza safi, inazisukuma chembe pembeni kwenye vichochoro vyembamba pamoja na chumvi yote, zinabanwa mpaka zinashikana. Barafu ikiyeyuka hazikumbuki kuachana. Dawa ya hilo ni sukari. Kweli, sukari, jamaa ya hii ya TPC hapo chini Arusha Chini. Sukari inakaa katikati ya chembe, inatengeneza kitu kama kioo badala ya barafu kali. Poda ile ya amphotericin ya liposomu ina sukari ndani yake. Chanjo ya Pfizer ya UVIKO nayo ilikuwa na sukari.

Na hiyo Pfizer ni mfano mwingine wa rumeti wangu. Chanjo ya kwanza kuingia kwetu Julai 2021 ilikuwa ya Janssen, dozi 1,058,400, hiyo inabebwa na kirusi na ilikaa vizuri kwenye friji ya kawaida. Ilipofuata ya Pfizer, yenyewe ilikuwa vibonge vya mafuta vya nano vimebeba mRNA, ikataka friza za chini ya nyuzi −60. Na maelekezo yalisema kichupa kipinduliwe taratibu, kisitikiswe. Wangapi tulijua kwamba lile katazo la kutikisa lilikuwa habari ya ukubwa wa chembe? Mimi nilidhani ni utaratibu tu.

Sasa hoja ya "hatuna mashine". Kila kikao nikisema tupime tena baada ya siku 30, najibiwa hivyo. Ni kweli mashine ni ghali na kwenda Arusha ni nauli. Lakini jamani, tuna macho. Tope chini ya kichupa changu sikuhitaji leza ya mamilioni kuliona. Kalamu ya leza ya pale stendi ukiimulika kwenye kichupa gizani, mstari unaonekana laini kama chembe zimetawanyika sawasawa, ukiona nukunuku zinang'aa ujue mabonge yameanza. Spektrofotomita tunayo: soma ukungu wa sampuli kwenye nanomita 600, ambako rangi ya rifampicin haisumbui sana, siku ya kwanza, ya saba, ya thelathini. Pima pH. Pitisha kwenye chujio la mikroni 0.22, ambalo ni nanomita 220, uone dawa kiasi gani imebaki juu. Weka kipimajoto cha bei rahisi ndani ya begi uandike joto la njiani. Havitakupa nanomita, lakini vitakuambia siku gani inafaa kulipa nauli ya kwenda kwenye mashine.

Na wala si kwamba nchi hii haijui kupima. Maabara ya mamlaka yetu ya dawa, enzi hizo ikiitwa TFDA, ilithibitishwa na WHO mwaka 2011. Hapa hapa Moshi, kwenye Kilimanjaro School of Pharmacy, watu wa viwandani na wa mamlaka za dawa kutoka nchi kadhaa za Afrika wamefundishwa utengenezaji na udhibiti wa dawa kwa ushirikiano na Purdue University ya Marekani. Utamaduni upo. Ila ni wa vidonge: pima kiasi, pima kuyeyuka, pima uzito. Nano inataka tuongeze swali moja, je, ukubwa ni ule ule leo kama ulivyokuwa jana? Marekani wenyewe mwongozo wao wa dawa za nano waliukamilisha 2022 tu. Hatujaachwa mbali kiasi cha kukata tamaa.

Ninachokiomba kwa idara ni kidogo. Project yoyote yenye neno nano kwenye kichwa isipite bila kipimo cha pili, angalau siku 30 baadaye, na sampuli moja iwe imekaa nyuzi 30, maana huko ndiko WHO wanakotutaka nchi za joto tupimie dawa zetu. Na namba mbaya isimnyime mtu alama. Hapa ndipo penyewe. Mwanafunzi anaficha namba ya pili kwa sababu anajua 142 inampa A na 890 inampa maswali. Mwaka kesho mwingine anasoma ripoti ile maktaba, anaanza na mapishi yale yale, anapanda Coaster ile ile, anapata mtindi ule ule, naye anaficha. Tunaweza kwenda hivyo miaka kumi, kila ripoti ina chembe nzuri, na baba mdogo wangu na wenzake bado wanameza kila siku.

Nimeongea na yule mwalimu tena jana. Nimemwambia kwa heshima kwamba nitaandika zote mbili. Alinyamaza, akasema "haya, lakini jiandae kujibu". Basi jedwali langu la sura ya nne lina safu mbili, siku ya 1 na siku ya 9, na chini yake nimeeleza injini, umeme, na friza ya mama wa dukani. Nimetengeneza pia mpya, hii ya sasa nimetia sukari, nusu nimeigandisha kwa makusudi, nusu ipo kwenye chupa ya chai yenye barafu chini ya kitanda. Jumamosi nazipeleka Arusha zote, boom likitoka.

Kujitetea ni tarehe 14. Nikipata sapu nitawaambia.